Skrubu Nne katika Mgongo wa Dominika

Dominika ni mjane wa mdogo wangu Valerian. Siku aliyoletwa hapa Kirua kama bibi harusi, mama yangu alimtazama kuanzia miguu mpaka kichwa, akaninong'oneza kando, "Huyu amenyooka mno. Hataweza kuinama." Mama alikosea. Dominika aliinama miaka thelathini na minane.

Aliinama kupalilia kahawa mpaka kahawa ilipong'olewa. Aliinama kuchota maji kwenye mfongo, ule mfereji waliouchimba babu zetu, mpaka mfongo ulipokauka ukawa mtaro wa chupa za plastiki. Na kuliko yote, alibeba majani. Msomaji asiye wa huku aelewe kwamba ng'ombe wetu wa mlimani hachungwi. Hufungwa zizini, na chakula chake huletwa na mwanamke kutoka tambarare, mzigo mkubwa kichwani, njia yote ikiwa ya kupanda. Zamani walikwenda kumi au kumi na watano wakiimba, na aliyechoka alipokewa. Miaka ya mwisho Dominika alikwenda peke yake. Wenzake wengi wamekufa, na mabinti zao wako Dar wanauza vocha.

Maumivu yalianza mwaka aliofariki Valerian. Kwanza yalikuwa kiunoni, kisha ukaja moto ulioshuka kwenye mapaja hadi vidole vya miguu. Kutoka nyumbani hadi kanisani, njia ambayo mtu huimaliza kwa rozari moja, alikuwa akiketi mara nne. Akiketi na kuinama mbele, moto ulipoa, akinyooka, uliwaka. Kwa hiyo akaacha kunyooka. Wako waliosema ni baridi yabisi, na wako waliosema ni jirani mbaya. Kwenye duka la dawa pale Himo walimpa dawa ya kuchua iliyonuka kama gereji.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini sijaacha kusoma chochote kinachopita mbele yangu, na nilikuwa nimesoma kwamba siku hizi uti wa mgongo unafungwa kwa vyuma. Mimi ndiye niliyemwambia Jovin, mwanawe, anayechomelea mageti mjini Moshi, "Mpeleke mama yako hospitali kubwa." Hilo nililifanya. Sina mengine mengi mema ya kutaja katika habari hii.

Daktari alikuwa kijana wa mjini, Mudrik kwa jina, wa ukoo wa mafundi cherehani. Aliniamkia shikamoo kabla hajagusa karatasi yoyote, na mimi mtu wa namna hiyo nampa sikio. Alituonyesha mgongo wa plastiki, akaushika pingili moja baada ya nyingine.

"Hii pingili ya nne imeteleza mbele juu ya ya tano," alisema. "Kama tofali lililosukumwa ukutani. Ndani yake inapita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, na sasa imebanwa. Tutaipanulia njia, kisha tutazifunga hizi pingili mbili kwa skrubu nne na fito mbili."

"Chuma kikikaa ndani ya mwili hakishiki kutu?" nilimuuliza.

"Hiki ni titani, mzee. Hakishiki kutu."

"Kwa hiyo siku ya mwisho atafufuka na skrubu zake?"

Dominika alicheka mpaka akashika kiuno. "Shemeji, acha nifufuke kwanza. Habari ya skrubu tutaizungumza mbele ya safari."

Daktari naye alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema maneno ambayo ningeweza kuyaandika usingizini. "Sikilizeni. Skrubu haziponyi, zinashikilia tu. Anayeponya ni mfupa wenyewe, ukiota na kuungana, na mfupa unataka miezi. Kwa miezi mitatu, mama, usiinue kitu kinachozidi birika la chai. Usiiname, usijipinde, mkanda wa mgongo tutakaokufunga usiuvue isipokuwa kitandani. Na mshono ukitoa maji, hata tone moja, uje siku hiyohiyo. Siyo kesho. Chuma hakina damu. Vijidudu vikikifikia, vinajijengea utando juu yake, na dawa haivipati tena."

Alipasuliwa katikati ya Machi. Siku ya pili walimsimamisha kwa fremu ya kutembelea. Kitanda cha jirani alilala Bi Raya, mama wa mjini mwenye biashara ya maandazi, naye amefungwa vyuma vilevile siku moja kabla yake.

"We Mchaga," Bi Raya alimwambia, "umelala kama unasubiri Krismasi. Nyanyuka tutembee, nikikutangulia mlangoni nakudai mbege."

"Na wewe Mwislamu, pombe ya mbege unaifanyia nini?"

"Nitaoshea miguu."

Walitembea hadi mlangoni, wanawake wawili na fremu mbili, wakitukanana polepole. Jovin alisimama kwenye korido na mdomo wazi. "Mama," alisema, "kumbe wewe ni mrefu." Alikuwa hajamwona mama yake amenyooka kwa miaka mingi. Moto wa miguuni ulikuwa umezimika. Dominika aliweka mkono ukutani akalia kwa furaha, na mimi nilitoka nje nikajidai natafuta maji ya kunywa.

Alipotoka wodini alikaa kwa Jovin, vyumba viwili vya kupanga pale Moshi, ili awe karibu na kliniki. Mambo yangebaki hivyo, leo ningeandika habari nyingine. Lakini mke wa Jovin, Doris, alikuwa mjamzito, na alijifungua Aprili, wiki tatu tu baada ya upasuaji. Mtoto wa kike. Kwa desturi yetu jina lilikuwa tayari linamsubiri, la bibi mzaa baba: Dominika.

Nilishuka Jumapili kumwona mtoto. Tulikaa sebuleni, Dominika kwenye kiti cha mbao, mkanda umembana kama pipa, Doris kwenye kochi na mtoto.

"Baba mkubwa," Jovin alianza, "mama mkwe amepiga simu. Anasema tumpeleke Doris kwake Tarakea, atamlea yeye. Au tutafute dada wa kazi hapahapa, mama awe anaelekeza tu, amekaa."

"Dada wa kazi," nilisema.

"Ndiyo."

"Mtoto wa kwanza wa nyumba ya Valerian, mama yake apikiwe mtori na dada wa kazi."

"Baba mkubwa, mama ana wiki tatu na vyuma mgongoni."

"Vyuma vyenyewe nimeviona kwenye picha kama wewe. Mimi nakuuliza, wewe ulipozaliwa nani alimlea mama yako? Mama yangu alikuwa na miaka sabini. Alimlea miezi mitatu mizima, mama yako hakushika hata kijiko. Mzazi wa kwetu anaogeshwa, anakandwa, analishwa mpaka mashavu yanang'aa, kisha anatolewa sokoni watu wamwone na kumpa pole. Hilo ndilo lililobaki. Kahawa mmeng'oa. Mfongo mmeuacha ukafa. Kichaga mnakijua cha kutukania tu. Sasa na mzazi mnataka kumpeleka Tarakea kama gunia la mahindi."

"Mimi sina neno, baba mkubwa," Doris alisema taratibu. "Hata uji wa pakiti nakunywa."

"Basi na mtoto mnunulie maziwa ya pakiti, mmalize kabisa."

Jovin aliinuka akaenda dirishani. Ndipo Dominika akasema, bila kumtazama yeyote, "Nitamlea mimi."

"Mama!"

"Jovin, mkwe nimemsubiri miaka mingapi? Mabinti zangu wamezalia Mwanza na Songea, wamelelewa na watu nisiowajua. Mgongo nimetengenezewa wa nini, wa kuukalia? Mtupeleke nyumbani, mimi na Doris. Nitakuwa napika nimesimama."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi Kirua siku ile nikiwa na moyo mwepesi kuliko nilivyokuwa nao kwa miaka, nikimwona Jovin amenyamazishwa.

Waliletwa wiki hiyohiyo, masika yamechanganya, njia ya kihambani, shamba letu la migomba, inateleza kama mlenda. Jovin alijaza kuni kibarazani na maji kwenye mapipa, akamsihi mama yake, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa akipandisha kila Jumamosi. Kwa siku chache Dominika alipika amesimama, jiko la mkaa limewekwa juu ya meza. Lakini mtori wa mzazi haupikwi kwenye sufuria ya watu wawili. Unamenya ndizi mshare mkungu mzima, unachemsha na nyama yenye mafuta, unaponda kwa mwiko mpaka mkono unakufa ganzi. Kuna kitawa cha mchana, ndizi na maziwa ya mgando. Kuna maji ya moto ya kukanda asubuhi na jioni. Kuna wanawake wa mtaa wanaokuja kumwona mzazi, na macho yao hayamwangalii mzazi peke yake, yanamwangalia anayemlea. Mmoja wao alimgusa Dominika mkanda akasema, "Mae, na wewe umejifungua?" Wakacheka. Kesho yake mkanda ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Sufuria kubwa ikarudi kwenye mafiga, na Dominika akarudi kuinama. Jumamosi tu, Jovin akipandisha, ndipo alipoufunga mkanda na kupika amesimama.

Nami nilipita pale kila siku. Niliketi barazani, nikala mtori wa mzazi, nikamsifu. "Sasa hii ndiyo nyumba," nilisema. Mara mbili nilimsikia Doris ndani akimwambia mkwewe, "Mama lete hicho, nitabeba mimi," na Dominika akimjibu, "Wewe lala, usinitie aibu."

Mwishoni mwa Aprili nilimkuta kwenye migomba nyuma ya nyumba anakamua kipande cha khanga. Gauni lake lilikuwa limelowa kiunoni, alama ya ukubwa wa kiganja, na mvua ilikuwa haijanyesha siku hiyo.

"Nini hicho?"

"Jasho."

"Dominika."

Aliangalia chini. "Ni maji tu, shemeji. Hayana rangi. Yanatoka sehemu moja ndogo kama tundu la sindano."

"Daktari alisema hata tone moja."

"Nikishuka watanilaza. Wakinilaza, Doris anapelekwa Tarakea. Tumeshafika mwezi, bado miwili." Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. "Siku ile ulisema maneno makubwa mbele ya mwanangu. Unataka nishindwe mimi? Usimwambie Jovin."

Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba mtu mzima ana haki ya siri yake. Lakini nilichotaka hasa ni miezi mitatu itimie, mzazi atolewe, watu waseme kwamba kwa akina Valerian bado kuna wanaojua. Siku ya kliniki ilipofika, Jovin alipiga simu kuuliza kama gari alilokodi limemfikisha mama. Lilikuwa limekuja, Dominika akalirudisha. Akanipa simu mimi. Nikasema, "Barabara imekatika, tumeahirisha." Barabara ilikuwa nzima.

Wiki ya kwanza ya Juni alianza kutetemeka mchana kwenye jua. Alisema ni malaria, akameza dawa ya malaria. Alhamisi alikwenda kukata mkungu wa ndizi, mita thelathini kutoka mlangoni. Doris alisikia panga likianguka, kisha sauti yake, ambayo haikuwa ya kupiga kelele. Alikuwa anamwita tu kama mtu anayeomba chumvi. "Doris. Doris, njoo. Miguu yangu imeondoka."

Nilifika nikamkuta ameketi kwenye matope, ameegemea mgomba, anajipiga mapaja kwa ngumi. "Sisikii," alisema. "Shemeji, piga wewe, labda nitasikia."

Tulimpeleka Moshi kwa gari la jirani. Daktari Mudrik alikuja mwenyewe. Hakuniamkia safari hii, au aliniamkia sikusikia. Alimgeuza, akafungua kitambaa, na harufu ikatoka.

"Maji yalianza lini, mama?"

Dominika alinitazama. "Juzi," alisema.

"Wiki tano," nilisema mimi.

Jovin alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda. Alinigeukia, na nikaona uso wake ukielewa jambo moja baada ya lingine, barabara, gari, simu.

Daktari alituonyesha picha kwenye mwanga. Kila skrubu ilikuwa imezungukwa na kivuli cheusi. "Hapa mfupa umeliwa," alisema. "Skrubu zinacheza kama msumari kwenye mbao iliyooza. Na huu mfuko mrefu ni usaha, umekaa juu ya mishipa ya fahamu. Angekuja siku ya kwanza ningemfungua, ningemwosha, ningempa dawa za mshipani, na huenda vyuma vingebaki na miguu ingebaki."

"Na sasa?" Jovin aliuliza.

"Sasa natoa usaha na vyuma vyote. Ninapigania uhai wake. Miguu sikuahidi."

Walimfungua siku hiyo. Skrubu nne na fito mbili zilitolewa zikawekwa kwenye kikopo cheupe, na Jovin aliomba aone. Kazi yake ni chuma. Aliigeuza skrubu moja juu ya kiganja cha glavu, akaitazama uzi kwa uzi.

"Haina hata mkwaruzo," alisema. "Nzima kabisa."

Tangu siku ile Jovin haniamkii. Anapita kihambani kwangu na kusema "habari," kama anavyomwambia mtu wa barabarani.

Dominika alilala wodini wiki saba kwenye dawa za mshipani. Homa ilikwisha, mshono ukafunga. Miguu haikurudi, wala mkojo haujui tena saa ya kutoka. Kuna mrija na mfuko unaoning'inia kando ya kitanda. Daktari anasema mifupa ikitulia huenda wakaifunga tena kwa vyuma vipya ili aweze kuketi kwenye kiti cha magurudumu bila maumivu. Kuketi, siyo kusimama. Miezi mitatu ya mzazi ilitimia akiwa wodini, na hakuna aliyetolewa sokoni.

Doris ndiye anayemlea. Ameacha vyumba vya Moshi, amehamia juu, hapa Kirua, na mtoto wake mgongoni. Kila saa mbili anamgeuza ili asipate vidonda vya kulalia. Anampikia mtori, anamwogesha, anamkanda miguu isiyojua kwamba inakandwa. Hakuna mwanamke wa mtaa anayekuja kumtazama anavyofanya.

Bi Raya alikuja mara moja, Septemba. Alipanda njia yote kwa miguu yake, fimbo mkononi, buibui limejaa vumbi. Nadhani alikuwa ameandaa utani. Aliufikisha mpaka mlangoni, "We Mchaga," kisha akaona mfuko, akaketi ukingoni mwa kitanda, na wakashikana mikono hadi chai ikapoa.

Kwetu mlimani kuna jani, isale, lile linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Mtu aliyekukosea akikuletea jani hilo, humnyimi msamaha. Hata kama amekuulia mtoto. Ukilikataa umeukataa ukoo wote, walio hai na waliolala. Mama yangu alinifundisha hivyo, na katika maisha yangu nimeona watu wenye mapanga wakiyaweka chini kwa ajili ya jani moja. Sasa hivi vijana wanalipamba kwenye kumbi za harusi.

Jumapili iliyopita nilikata jani la isale kwenye mpaka wetu, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikavaa koti, nikapanda hadi nyumba ya juu, ya Dominika. Dominika alikuwa amelala ubavu, anatazama dirisha. Aliona nilichoshika kabla sijasema hodi ya pili.

"Simama hapohapo, shemeji," alisema.

Nilisimama.

"Ukinipa hilo, sina budi kukusamehe."

"Ndiyo desturi."

"Naijua. Mama yako alinifundisha mimi pia." Alivuta pumzi. Mgongo humuuma akizungumza kwa muda mrefu. "Kila kilichosemwa ni desturi nimekifanya. Nimebeba, nimeinama, nimelea. Nilificha lile tundu la sindano kwa sababu ya desturi, na wewe ukanisaidia kulificha. Mimi sikulaumu peke yako, najilaumu na mimi. Lakini kusamehe nataka kutoke kwangu mwenyewe, siku kutakapotoka. Labda kesho. Labda nife hakujatoka. Usinilazimishe na hili."

"Dominika..."

"Usinipe. Nakuomba. Ondoka nalo."

Jani lilikuwa mkononi, mkono uko nusu njia kati yangu na kitanda, na sikuweza kuupeleka wala kuurudisha. Doris aliingia na beseni la maji ya moto na taulo begani.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema. "Tupishe kidogo, saa ya kumgeuza mama imefika."

Niliurudisha mkono. Nilitoka, nikaketi kwenye baraza. Nyuma ya mlango nilimsikia Doris akisema, "Nishike shingo, mama. Moja, mbili," kisha kitanda kikalia, na Dominika akaguna kama mtu aliyepokea mzigo kichwani.